Frank Sprague: Jamaa aliyefanya treni nzima isikie mkono mmoja

KAMA umewahi kupanda DMU jioni kutoka stesheni kuu ya Nairobi kwenda Syokimau au Embakasi, pengine uliona kitu kidogo ambacho hakuna abiria anayekijali. Treni ikifika mwisho wa safari, hakuna kichwa kinachofunguliwa na kuzungushwa ili kikavute kutoka upande ule mwingine. Dereva anafunga chumba chake, anatembea hadi chumba cha upande wa pili, anaketi, anaondoka. Treni ile haina mbele wala nyuma.

Treni hizo Kenya ilizinunua kutoka Uhispania, zikaanza kubeba watu wa Nairobi mwishoni mwa 2020. Herufi D katika jina lake ni ya dizeli, hiyo ni rahisi. Lakini M na U zina mwenyewe. Zinasimamia wazo la vipande vingi vya treni, kila kimoja na nguvu zake, vyote vikimsikiliza dereva mmoja. Mwenye wazo hilo aliitwa Frank Julian Sprague, na ukimtaja mtaani hakuna anayemjua. Taja Thomas Edison na kila mtu atakuambia habari za taa ya stima. Sprague alimfanyia Edison kazi kwa muda mfupi, kisha akatumia sehemu kubwa ya maisha yake akijaribu kutoka kwenye kivuli chake.

Alizaliwa Julai 25, 1857 katika mji wa Milford, jimbo la Connecticut, Marekani. Mama yake alifariki Frank akiwa bado mtoto wa miaka minane hivi. Baba akaelekea magharibi kutafuta maisha, na Frank pamoja na mdogo wake wakaachwa kwa shangazi yao huko North Adams, Massachusetts, mji mdogo wa viwanda. Shuleni alikuwa mkali wa hesabu. Pesa za chuo hazikuwapo, kwa hivyo akaona njia nafuu ni jeshi, ambako serikali ndiyo hulipia masomo.

Hapo kisa kinachekesha kidogo. Mwaka 1874 alisafiri hadi mji wa Springfield kufanya mtihani wa kuingia chuo cha jeshi la nchi kavu. Kufika, kumbe mtihani wa siku hiyo ulikuwa wa chuo cha wanamaji. Wengi wetu tungerudi nyumbani. Yeye aliketi akaufanya, akawa wa kwanza. Ndivyo kijana wa milimani alivyojipata baharini.

Alihitimu 1878 akapangiwa meli. Kazi ya zamu melini haikumkolea. Daftari zake alizijaza michoro ya mitambo aliyotamani kuunda, na akiwa kwenye meli iitwayo Lancaster alifunga kengele za umeme za kuitia mabaharia, mfumo wa kwanza wa aina hiyo katika meli za kivita za nchi yake.

Mwaka 1882 akapata ruhusa kwenda London kutazama maonyesho ya umeme ya Crystal Palace, akawekwa katika jopo la majaji wa mitambo kama katibu. Alikaa kupita muda aliopewa, na ripoti nene aliyoandika ndiyo iliyomtetea kwa wakubwa wake. Ila kilichomgusa zaidi London kilikuwa usafiri wake wa kila siku. Treni za chini ya ardhi za wakati huo zilivutwa na injini za makaa ya mawe. Hebu fikiria: handaki, moshi, masizi, na watu wamejazana ndani. Sprague alipanda treni hizo, akakohoa pamoja na wengine, na akaanza kuwaza jinsi umeme ungeweza kuisukuma treni bila kuwasha moto wowote ndani ya handaki.

Mwaka uliofuata akaacha jeshi akajiunga na Edison. Hawakuiva chungu kimoja. Edison alikuwa mtu wa kujaribu, kukosea, na kujaribu tena hadi jambo likubali. Sprague alikuwa mtu wa kalamu na hesabu. Ili kujua ukubwa wa nyaya za kupeleka umeme mjini, watu wa Edison walikuwa wakijenga mfano mdogo wa mji mzima na kupima. Sprague aliwatengenezea njia ya kukokotoa jibu mezani. Edison hakuwa na hamu kubwa na mota wala treni wakati huo, taa ndizo zilizomshughulisha. Mwaka 1884 Sprague akaondoka akaanzisha kampuni yake mwenyewe.

Kazi iliyomtoa ilikuwa Richmond, mji mkuu wa jimbo la Virginia. Mwaka 1887 alikubali kuujengea mji huo reli ya tramu za umeme: maili 12 za njia, magari 40, mota 80, kituo cha kuzalisha umeme, na yote yakamilike kwa siku 90. Malipo yalikuwa dola 110,000, na angelipwa tu iwapo mambo yangeenda sawa. Wakati anakubali masharti hayo hakuwa na kitu kamili mkononi zaidi ya michoro na mota za majaribio. Kisha akaugua homa ya matumbo, akalala wiki kadhaa huku vijana wake wakihangaika. Aliporudi akakuta reli imetandikwa vibaya, kona ni kali, na vilima vya mji ni vya kuogopesha.

Usiku mmoja alipanda gari la majaribio pamoja na msaidizi wake, Dana Greene, ili kuona kama litapanda kilima kikali kuliko vyote. Lilipanda. Lakini mota zilipata joto kupita kiasi na karibu na jumba la maonyesho gari likagoma, mbele ya umati uliokuwa ukitoka kutazama mchezo. Sprague hakutaka mji ujue. Akasema kwa sauti, watu wote wasikie, kwamba ni hitilafu ndogo tu, akamtuma Greene akalete vyombo vya kurekebishia. Kisha akazima taa akajilaza kwenye kiti akisubiri watu wachoke waende zao. Usiku ulipokuwa mkubwa vyombo vikafika: nyumbu wanne. Wakalivuta gari la umeme hadi kwao gizani.

Basi alirudi akabuni gia upya. Tatizo lingine lilikuwa namna ya kuweka mota chini ya gari. Ukiifunga kwenye fremu, barabara mbovu inatikisa meno ya gia hadi yanaachana. Alichofanya ni kuegemeza upande mmoja wa mota kwenye ekseli yenyewe na upande wa pili kuuning'iniza kwa springi, mithili ya toroli la mkono, ili gia na gurudumu zipande na kushuka pamoja. Mpangilio huo bado uko chini ya vichwa vingi vya treni za dizeli duniani leo, zaidi ya miaka 130 baadaye.

Tramu za Richmond zilianza kazi rasmi Februari 2, 1888. Sprague alipata hasara, kama dola 75,000. Lakini alikuwa na kitu cha kuonyesha. Kiangazi hicho akaja Henry Whitney, tajiri wa tramu za Boston, ambaye meneja wake aliamini kuwa magari mengi yakikusanyika sehemu moja umeme ungeshindwa kuyaondoa. Sprague akasubiri usiku, akapanga magari 22 kwa mstari, moja nyuma ya lingine, kwenye kipande cha njia kilichopimiwa magari machache tu. Akaambia walio kwenye kituo cha umeme wachochee moto wasiache. Kisha akatoa ishara. Taa za magari zikafifia hadi zikakaribia kuzima, volti zikashuka kutoka 500 hadi karibu 200, lakini magari yakasogea, moja baada ya jingine, hadi yote yakaondoka. Whitney aliondoka akiwa ameamua. Boston ikachukua umeme, na miji mingine ikafuata mbio mbio.

Unaweza kudhani hapo jamaa alitajirika na kutulia. Mwaka 1890 kampuni yake ilimezwa na kampuni ya Edison, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimtengenezea mota. Jina lake likafutwa kwenye mitambo, likawekwa la Edison. Sprague akajiuzulu kwa hasira ambayo, kwa kweli, hakuwahi kuimaliza.

Akageukia lifti. Majumba ya New York yalikuwa yakipanda juu, na lifti nyingi zilisukumwa kwa maji au mvuke. Akishirikiana na Charles Pratt alitengeneza lifti za umeme, na kazi yao kubwa ya mwanzo ilikuwa lifti za jengo la Postal Telegraph, 1894. Baadaye biashara hiyo aliiuzia Otis, kampuni ambayo jina lake bado unaliona kwenye lifti za majumba mengi. Ila lifti ndizo zilizompa wazo. Kuendesha lifti kulihitaji umeme mwingi, lakini mtu wa kuiongoza hakushika umeme huo. Aligusa swichi ndogo, na swichi hiyo ikaamuru mtambo mkubwa uliokuwa mbali. Sprague aliona kwamba akiwa chini kwenye orofa ya mitambo angeweza kuamuru lifti moja, au kadhaa kwa pamoja, kutoka swichi moja. Akajiuliza: kama inawezekana kwa lifti zinazopanda wima, kwa nini isiwezekane kwa mabehewa yanayokwenda mlalo?

Ili kuelewa kwa nini swali hilo lilikuwa na uzito, tazama treni ya kawaida. Kichwa kimoja kinavuta mabehewa. Ukiongeza mabehewa, treni inakuwa goigoi kuondoka. Ukileta kichwa kikubwa zaidi, kinakuwa kizito kwa madaraja, na wakati abiria ni wachache unachoma pesa kuvuta hewa. Kwa treni ya mjini inayosimama kila baada ya dakika mbili, kasi ya kuondoka ndiyo kila kitu. Unaweza kufunga vichwa viwili, sawa, lakini kila kimoja kinataka watu wake, na kwa injini za mvuke walikuwa wakielewana kwa filimbi.

Sprague alitaka kila behewa liwe na mota zake na swichi zake nzito. Katikati ya treni nzima zipite nyaya nyembamba zinazobeba umeme kidogo tu, ule wa kutoa amri. Dereva, popote alipo, anageuza mpini mdogo. Umeme mdogo unapita behewa hadi behewa. Na katika kila behewa swichi za sumaku zinausikia na kufungulia mota za hapo umeme mwingi kutoka reli. Behewa moja likiwa peke yake linakwenda kwa wepesi uleule wa mabehewa sita, kwa sababu kila linalokuja linakuja na miguu yake. Unakata treni asubuhi, unaiunganisha jioni watu wakiwa wengi.

Kuna mtego mmoja hapo ambao ungemshinda mtu mzembe. Behewa likigeuzwa, mbele yake inakuwa nyuma. Ukiunganisha waya wa mbele na waya wa mbele tu, nusu ya treni itavuta kuelekea mjini na nusu nyingine kuelekea mashambani. Sprague alipishanisha nyaya hizo mbili ili amri ya mbele iwe mbele ya treni, wala si ya behewa. Hivyo behewa lolote likaweza kuunganishwa na lolote, kwa upande wowote, kwa mpangilio wowote.

Nafasi ya kulijaribu wazo hili ilikuja Chicago mwaka 1897. Reli ya juu ya upande wa kusini wa mji huo, ile inayopita kwenye nguzo juu ya vichochoro, ilikuwa bado ya mvuke na ilikuwa imefilisika na kuundwa upya. Wenyewe walipanga kuweka behewa moja la mota livute mengine, kama wenzao wa upande wa magharibi walivyofanya. Sprague aliitwa kutoa ushauri, akawaambia wausahau mpango huo, achukue yeye kazi kwa njia yake. Hakuna mtu duniani aliyekuwa amewahi kuendesha treni hivyo. Wakurugenzi walikubali kwa masharti ya kutisha: aweke dhamana ya dola 100,000, aonyeshe mabehewa sita yakifanya kazi kufikia katikati ya Julai, na akishindwa pesa ziende. Mabehewa yote yalikuwa 120. Mazungumzo yalimkuta amelala New York na mguu uliovunjika. Aliweka sahihi.

Hapa mimi hujiuliza alikuwa na moyo wa aina gani. Richmond ilikaribia kumfilisi, sasa anarudia mchezo uleule akiwa na umri wa miaka 39, na safari hii hawezi hata kusimama.

Majaribio yalifanyiwa Schenectady, jimbo la New York, kwenye njia iliyotolewa na kampuni ya General Electric, ambayo wengi wa wataalamu wake hawakuamini. Julai 16 mabehewa mawili yakatembea. Siku kumi baadaye yakaunganishwa sita. Sprague hakuketi kwenye mpini mwenyewe. Alimketisha mwanawe Desmond, mvulana wa umri wa kama miaka kumi. Mtoto akageuza mpini, treni nzima ikaondoka. Akasimamisha, akaondoka tena. Kwa watu wa reli waliozoea madereva wenye misuli na mafuta hadi kwenye viwiko, sijui kama kuna maelezo ambayo yangewaingia kuliko yale.

Aprili 1898 mabehewa 20 ya kwanza yakaanza kubeba abiria Chicago, na aibu ikaja palepale. Mabehewa 17 yaliondolewa kazini siku ileile kwa sababu vifaa vya kupunguza umeme vilikuwa na kasoro. Wakavirekebisha wakaendelea. Kabla mwaka kuisha, injini za mvuke zilikuwa zimetoweka kwenye njia hiyo.

Kisha ikawa kila mahali. Reli za juu za Brooklyn na Boston, reli ya chini ya New York iliyofunguliwa 1904. London nako kukatokea kituko: reli mpya ya chini ya Central London ilifunguliwa 1900 na vichwa vizito vya umeme, na majumba ya juu yakatikisika hadi wenye nyumba wakalalamika. Dawa ilikuwa kuviondoa na kuweka treni za mtindo wa Sprague, mwaka 1903. Mji uliompa kikohozi ukapata tiba yake. General Electric, ili kupata hataza zake, ilinunua kampuni nzima mwaka 1902.

Mpaka hapo tunazungumzia treni za umeme. Sprague alifariki 1934, mwaka uleule ambao treni maarufu ya dizeli iitwayo Zephyr ilikimbia kutoka Denver hadi Chicago bila kusimama. Kwa hivyo hakuona wazo lake likifanya kazi kubwa kuliko zote.

Injini ya dizeli ina udhaifu: moja peke yake haikuweza kushindana na injini kubwa ya mvuke. Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ilizungusha kote Marekani vichwa vinne vya dizeli vilivyofungwa pamoja, kila kimoja cha nguvu za farasi 1,350, jumla 5,400. Vyote vinne vilikuwa na dereva mmoja. Hiyo ndiyo siri iliyoua mvuke. Kampuni za reli hazikulazimika kununua jitu. Zilinunua vipande na kuviunganisha kadiri ya mzigo.

Ukisimama kati ya vichwa viwili vya dizeli vilivyounganishwa, utaona kebo nene ya waya, na kando yake mipira ya hewa inayoning'inia kama mikia. Kebo inabeba amri ya umeme: ongeza mwendo, punguza, mbele, nyuma. Lakini breki za treni ni za hewa, na hewa haipiti kwenye waya. Kwa hivyo mpira mmoja unaunganisha matangi makuu ya hewa ili pampu ya kichwa kimoja ikilegea nyingine isaidie. Mwingine unabeba amri ya kufunga na kuachilia breki za vichwa vyenyewe. Kwenye vichwa vya zamani palikuwa na mpira hata wa kuamuru mchanga umwagwe mbele ya magurudumu reli ikiteleza. Na kwa sababu kichwa kikigeuzwa kulia kunakuwa kushoto, mipira hiyo imewekwa pande zote mbili za kiungio, mtego uleule wa Sprague umerudi kwa sura ya hewa. Fundi akisahau kufungua koki moja tu, kichwa cha nyuma hakisikii breki. Ni kazi ya mikono, ya kuinama kati ya vyuma, na haikubali usingizi.

Mwanzoni kampuni hazikuelewana lugha. Baldwin, watengenezaji wakongwe wa Pennsylvania, walituma hata amri ya kuongeza mwendo kwa shinikizo la hewa, wakati wenzao walitumia umeme. Ukiunganisha kichwa chao na cha General Motors ni kama mmoja anapiga simu na mwingine anapiga filimbi. Kampuni ya reli yenye vichwa vya aina zote mbili ililazimika kuvitenga. Baldwin iliacha kutengeneza vichwa vya treni mwaka 1956, na ingawa sababu zilikuwa nyingi, hiyo ya kutosikilizana haikuisaidia.

Kuna waliolipa bei nyingine. Vichwa vinne vya mvuke vilihitaji madereva wanne na wachochea moto wanne. Vinne vya dizeli vilihitaji kikosi kimoja. Vyama vya wafanyakazi wa reli viliona kinachokuja, na kampuni nyingine zikawa zinavipa vichwa vinne namba moja ili vihesabike kama injini moja. Mpini ambao mtoto wa miaka kumi aliweza kuugeuza ulikuwa habari njema kwa abiria. Kwa mchochea moto mwenye familia ulikuwa barua ya kufutwa.

Huku kwetu, kabla dizeli haijashika, swali lilelile lilijibiwa kwa njia tofauti. Nenda makumbusho ya reli ya Nairobi ukatazame ile Garratt iitwayo Mount Gelai. Ni boila moja inayolisha injini mbili, mbele na nyuma, tani zaidi ya 250, ikiendeshwa na kikosi kimoja. Jibu la mvuke kwa swali la Sprague, na jibu zuri, ila huwezi kulikata katikati jioni abiria wakipungua.

Sprague mwenyewe hakustaafu. Alikuwa katika kamati ya kuweka umeme stesheni ya Grand Central ya New York, baada ya ajali ya 1902 katika handaki lililojaa moshi kuua watu 15. Yeye na mhandisi William Wilgus walibuni hapo reli ya tatu ambayo umeme wake unaguswa kutoka chini, ili theluji na miguu ya watu isiufikie kwa urahisi. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia alihudumu katika bodi ya ushauri ya wanamaji. Mwenyekiti? Edison. Na mwaka 1910 wahandisi wenzake walimpa tuzo yao kuu, nishani yenye jina la Edison. Aliipokea.

Kila gazeti lilipoandika kwamba Edison ndiye baba wa treni za umeme, Sprague alishika kalamu kurekebisha. Wengine walimwona mzee mwenye kinyongo. Nikimtetea kidogo, mtu aliyelala gizani akisubiri nyumbu ana haki ya kuudhika akisikia mwingine ndiye aliyepanda kilima.

Alifariki New York Oktoba 25, 1934, akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Arlington. Mkewe wa pili, Harriet, hakuacha. Mwaka 1947, miaka 13 baada ya mazishi, alichapisha kijitabu kuhusu mumewe na sifa alizopewa Edison. Barua, michoro na hesabu za mumewe ziko katika maktaba ya umma ya New York, na yeyote anayetaka anaweza kwenda kuzisoma.